Kijiti Kinapotolewa: Namna ya Kuzisoma Hesabu za Walioacha

Takwimu za uzazi wa mpango huwa na safu ya walioacha, na msomaji wa kawaida huisoma safu hiyo kama orodha ya hasara: mwanamke alipewa huduma, kisha akaikataa. Kwa kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, usomaji wa namna hiyo hupotosha kuliko kwa njia nyengine nyingi, kwa sababu njia hii haikomi mpaka mtu mwengine, mwenye ganzi na kisu, akubali kuikomesha. Aliyeandikwa kuwa ameacha huenda amepata hasa alichokitaka, na anayehesabiwa kuwa anaendelea huenda ameshaomba zaidi ya mara moja kitolewe, akarudishwa nyumbani. Makala haya yanajaribu kuzitenganisha hali hizo kwa kuangalia mazingira ya Unguja na Pemba, ambako tiba, ndoa na ibada hukutana katika suala hili kwa namna ambayo majedwali ya kitaifa hayaionyeshi.

Tuanze na chombo chenyewe. Vipandikizi, yaani vijiti hivi, vinavyojulikana zaidi nchini ni vya aina mbili. Implanon NXT ni kijiti kimoja chenye urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, kimebeba miligramu 68 za homoni ya etonojestreli, na kimekuwa kikitolewa kwa matumizi ya miaka 3. Jadelle ni vijiti viwili, kila kimoja na miligramu 75 za levonojestreli, na hutumika miaka 5. Vyote huwekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa kawaida mkono ambao mwanamke hautumii sana, karibu kabisa na ngozi, ili viweze kupapaswa kwa kidole. Homoni hutoka kidogo kidogo, huzuia yai kupevuka, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito kiasi cha mbegu za mwanamme kushindwa kupita. Ndani yake hamna estrojeni, ndiyo maana mama anayenyonyesha huruhusiwa kutumia.

Uwezo wake wa kuzuia mimba hauna mjadala. Katika mwaka wa kwanza hutarajiwa mimba 1 kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia. Kwa sindano ya miezi mitatu, jinsi inavyotumiwa katika maisha ya kila siku, makisio ni mimba 4 kati ya wanawake 100, na kwa vidonge ni 7 kati ya 100. Tofauti hiyo haitokani na nguvu ya dawa peke yake. Vidonge na sindano vinamtaka mwanamke akumbuke, asafiri, akute kituo kiko wazi na dawa ipo. Kijiti kikishawekwa hakimtaki kitu tena. Sifa hiyo hiyo, ya kutomhitaji mtumiaji kufanya lolote, ndiyo inayoleta utata wote utakaofuata.

Teknolojia hii si ngeni. Norplant, iliyokuwa na vijiti sita, ilipata idhini ya kwanza Finland mwaka 1983, na tangu siku hizo ilijulikana kuwa kazi ngumu iko kwenye kuvitoa, wala si kwenye kuviweka. Kilichozuia vipandikizi kuenea katika nchi za kipato cha chini kilikuwa ni bei. Hadi mwaka 2012 seti moja ilinunuliwa kwa takriban dola 18 za Marekani. Baada ya mkutano wa uzazi wa mpango uliofanyika London mwezi wa Julai mwaka huo, makubaliano na watengenezaji, Bayer na Merck, yaliishusha bei hadi dola 8.50 kuanzia mwaka 2013. Athari yake ilionekana haraka. Katika Tanzania nzima, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta wanawake wa ndoa wanaotumia vipandikizi ni kama asilimia 2. Ule wa 2015-16 ulikuta karibu asilimia 7. Na kufikia utafiti wa mwaka 2022 vijiti vilikuwa vimeipita sindano, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mbele.

Zanzibar imekwenda kwa mwendo wake. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kuwa ni asilimia 14 tu ya wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kisasa Visiwani, dhidi ya asilimia 33 Tanzania Bara. Wakati huo huo idadi ya watu inapanda kwa kasi: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569, na ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773, sawa na ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka. Mpangaji wa sera akiziweka hesabu hizi mbili pamoja, ni rahisi kwake kumwona kila mwanamke anayetoa kijiti kuwa ni hatua moja nyuma. Kwa maoni ya mwandishi, kosa la usomaji linaanzia hapo, kwa sababu shinikizo la hesabu haliishii ofisini, hushuka kutoka wizarani hadi wilayani, kutoka wilayani hadi kituoni, na mwisho likamfikia muuguzi aliyekaa mbele ya mwanamke anayesema, "Naomba unitoe."

Inafaa pia kujua namna watafiti wanavyoihesabu hali ya kuacha. Katika tafiti za kitaifa za afya na uzazi, mwanamke huulizwa kuhusu miaka kama mitano iliyopita, na mhojaji hujaza kalenda mwezi baada ya mwezi: mwezi huu alikuwa mjamzito, huu alijifungua, huu alianza sindano, huu aliacha. Kila anapoacha, huandikwa sababu moja. Kutokana na kalenda hizo hukokotolewa idadi ya walioacha kabla ya kutimiza miezi 12. Kwa kawaida, katika nchi nyingi, vipandikizi huonekana kuwa na waachaji wachache kuliko vidonge, sindano au kondomu, na wahubiri wa njia hii huitaja hesabu hiyo kama ushahidi kuwa wanawake wanaipenda.

Ushahidi huo una tundu. Anayetumia vidonge akichoshwa na kichefuchefu haendi popote kuomba ruhusa. Pakiti huisha asinunue nyengine, na kalenda yake inaonyesha ameacha mwezi huo huo alioamua. Mwenye kijiti akichoshwa na damu mwezi wa tatu, akaenda kituoni akaambiwa avumilie, akarudi mwezi wa sita akaambiwa mtaalamu hayupo, akakitoa mwezi wa kumi na nne, kalenda yake itaonyesha kuwa alitimiza mwaka bila ya kuacha. Miezi kumi na moja ya kutotaka inasomeka kuwa ni miezi kumi na moja ya kuridhika. Kwa hiyo uchache wa waachaji wa kijiti unachanganya mambo mawili ambayo hesabu yenyewe haiwezi kuyatenga: wale waliopendezwa nacho, na wale ambao hawajapata mkono wa kuwatolea.

Upande wa pili, miongoni mwa walioacha, wapo ambao hawana haja ya kusikitikiwa na yeyote. Aliyeweka kijiti baada ya mtoto wake wa pili kwa nia ya kumnyonyesha miaka miwili kamili, kisha akakitoa kwa kuwa sasa anataka mtoto wa tatu, ameitumia njia hii kwa lengo lake halisi. Anayeachika hana tena sababu ya kukiacha mkononi. Ambaye mume wake amekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, kwa msimu mzima wa uvuvi, au yuko Oman kikazi, anaweza kuona hakuna haja ya kuvumilia maudhi ya homoni kwa ajili ya mimba isiyowezekana. Wengine huhama kutoka kijiti kwenda kitanzi au sindano, na hao hawakuacha kupanga uzazi, wamebadilisha chombo. Wote hawa huingia katika jumla moja na yule aliyekitoa kwa hofu au kwa kuumizwa.

Sasa tuje kwenye damu, ambayo ndiyo sababu ya kimwili inayotajwa zaidi kila mahali vipandikizi vinapotumika. Uchambuzi mmoja mkubwa uliojumuisha majaribio 11 ya Implanon, uliochapishwa mwaka 2008, uliigawa hali ya damu katika vipindi vya siku 90. Katika asilimia 22 ya vipindi hivyo wanawake hawakuona damu kabisa. Katika asilimia 34 waliona mara chache kuliko kawaida. Katika asilimia 18 walitokwa na damu kwa muda mrefu. Na katika asilimia 7 ilikuja mara kwa mara. Katika majaribio hayo kiasi cha asilimia 11 ya wanawake walikitoa kwa sababu ya mabadiliko ya damu. Ubaya wa hali hii kwa anayetoa ushauri ni kwamba haitabiriki. Dada wawili wa tumbo moja wanaweza kuwekewa siku moja, mmoja akakaa mwaka mzima bila ya kuona kitu, mwengine akawa anaona matone kila baada ya siku chache. Ambalo linajulikana ni kuwa aliyeanza na hali nzuri katika miezi mitatu ya mwanzo kwa kawaida huendelea nayo, na kati ya walioanza vibaya wapo wengi kiasi ambao hali yao hutengenea baadaye, ingawa si wote.

Kitabibu, matone hayo kwa kawaida si hatari, na mara nyingi jumla ya damu inayotoka kwa mwezi huwa ndogo kuliko hedhi ya kawaida. Pia yanatibika kwa muda: miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataja ibuprofeni miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku 5, au vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili kwa siku 21 kwa mwanamke asiye na kizuizi cha estrojeni. Matibabu hayo huizuia damu kwa wakati ule tu, na inaweza kurudi. Hata hivyo, mwanamke aliyeambiwa mapema kuwa jambo hili lipo, na kwamba kuna dawa ya kumpunguzia, huingia nalo katika hali tofauti na yule aliyeambiwa kwa haraka tu kuwa "siku zako zinaweza kubadilika kidogo."

Lakini kusema kuwa matone si hatari kunatosha pale tu ambapo hatari ya kiafya ndiyo wasiwasi pekee. Visiwani, ambako takriban wakaazi wote ni Waislamu na wengi wao wanafuata madhehebu ya Shafii, damu inayotoka huuliza maswali mengine papo hapo: nisali au nisisali, nifunge au nifungue, mume wangu anaruhusika au haruhusiki. Kwa fiqhi ya Kishafii, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake na haizidi siku 15, na baina ya hedhi mbili hapana budi zipite siku za tohara, yaani za kuwa safi, zisizopungua 15. Damu iliyo nje ya mipaka hiyo ni istihadha, na mwenye istihadha husali kwa kujitia tohara kila wakati wa sala unapoingia, hufunga, na mumewe hazuiliwi kumkaribia. Kanuni ni wazi. Kuitumia kwa damu ya kijiti ni kazi nyengine, kwa kuwa matone hayo huja, yakakatika, yakarudi, na mwanamke hulazimika kuhesabu siku na saa, kukumbuka ada yake ya zamani, yaani mazoea ya siku zake, na kupambanua rangi, mambo ambayo wengi walifundishwa na somo, mwanamke anayemfunda msichana, au madrasani kwa muhtasari tu, yakiwa masuala ya nadra.

Katika mwezi wa Ramadhani uzito wake huzidi. Mwanamke asiyejua hukumu ya damu anayoiona anaweza kufungua siku ambazo alipaswa kufunga, akabaki na deni kubwa la kulipa, au akafunga huku moyo hauna utulivu. Muuguzi anayemwambia kuwa damu hiyo haina madhara amejibu swali ambalo hakuulizwa. Nadhani hapa pana pengo linaloweza kuzibwa bila ya gharama kubwa: kinachohitajika ni maustadhati na masheikh waelezwe na wataalamu wa afya jinsi damu ya kijiti inavyokwenda, ili nao waweze kutoa jawabu zinazolingana na hali halisi badala ya kumhukumia mwanamke kana kwamba anaumwa au kumwambia tu akitoe. Kuhusu uhalali wa kuchelewesha mimba kwenyewe, mjadala wa wanachuoni ni wa zamani na umejengwa zaidi juu ya azli, yaani mume kumwaga manii nje, ambayo Maswahaba walieleza kuwa walikuwa wakiifanya zama za Mtume, hautaingiliwa hapa.

Kuna jambo moja zaidi la kisheria ambalo sijaona likitajwa katika fomu za sababu za kuacha, nalo ni eda. Mwanamke aliyepewa talaka, ikiwa ni mwenye kupata hedhi na si mjamzito, hukaa eda ya tohara tatu. Kwa Mashafii, aliyekatikiwa na hedhi kwa sababu inayojulikana hahamii kwenye hesabu ya miezi mitatu. Hungoja mpaka irudi. Mwenye kijiti ambaye amekaa miezi mingi bila ya kuona damu, akiachika, anaweza kujikuta eda yake haisogei, na hawezi kuolewa tena mpaka ikamilike. Kwa mtu huyo kukitoa ni njia ya kurudisha mzunguko wake, kutimiza eda na kuendelea na maisha. Kwenye daftari la kituo ataandikwa kuwa ameacha, na huenda sababu ikawa "nyengineyo."

Waume wanastahili aya yao, ingawa si kwa namna wanavyotajwa mara nyingi, kama kikwazo tu. Kwa baadhi ya wanandoa uamuzi ni wa pamoja na kijiti hakina siri. Kwa wengine mwanamke ameamua peke yake, na hapo kijiti kina sifa mbili zinazopingana: hakina pakiti ya kufichwa wala tarehe ya kliniki kila miezi mitatu, lakini kinagusika mkononi, kovu lake linaonekana, na damu isiyo na mpangilio huzua maswali chumbani. Mume anayerudi nyumbani baada ya miezi kadhaa, akaambiwa kwa wiki ya pili mfululizo kuwa mke wake "hayuko safi," atataka kujua kulikoni. Kwenye ndoa ya mitala, mke asiyezaa kwa miaka mitatu huku mwenzake anazaa huwa na hesabu zake pia. Wanaotoa kijiti katika mazingira hayo mara nyingi hutaja maudhi ya mwili kituoni, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu isiyohitaji kuieleza ndoa ya mtu kwa mgeni.

Uvumi nao una nafasi yake, na njia bora ya kuushughulikia ni kuuliza umetoka wapi. Ule usemao kuwa kijiti huharibu kizazi una chimbuko linaloeleweka: sindano ya Depo huchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba kwa miezi kadhaa, na watu huyachanganya mambo hayo mawili. Kijiti kikitolewa, homoni huondoka mwilini ndani ya siku chache na wengi hupevusha yai katika wiki za mwanzo, kiasi kwamba asiyetaka mimba hushauriwa aanze njia nyengine siku ile ile. Ule usemao kuwa kijiti hutembea hadi moyoni umekuzwa, lakini haukutoka hewani. Kwa kawaida kijiti hubaki pale kilipowekwa au husogea sentimita chache tu. Visa vya kijiti kilichoingia katika mshipa wa damu na kukutwa kwenye mishipa ya mapafu vimeripotiwa duniani, ni adimu sana, na vinahusishwa na uwekaji wa kina kupita kiasi. Muuguzi anayeweza kulieleza hilo kwa ukweli wake wote huaminiwa zaidi kuliko anayesema kuwa yote ni maneno ya mtaani. Maumivu ya kichwa, chunusi na kuongezeka uzito hutajwa pia na watumiaji. Kwa uzito, ni vigumu kutenga kinacholetwa na homoni na kile ambacho kingetokea kwa miaka kupita.

Wapo vilevile ambao hawakupaswa kuwekewa tangu awali, au ambao kijiti kwao hakitoshi. Mwenye saratani ya matiti haruhusiwi. Mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijachunguzwa, hushauriwa njia nyengine. Baadhi ya dawa huipunguza nguvu homoni: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi ya UKIMWI, wakati dolutegraviri haina shida hiyo. Kwa kuwa maambukizi ya VVU Zanzibar yako chini ya asilimia 1, mkazo wa swali hili kliniki unapaswa kuwa kwenye kifua kikuu na kifafa.

Tunafika kwenye kutoa. Kijiti kilichowekwa vizuri hutolewa kwa dakika chache: hupapaswa, hupigwa ganzi chini ya ncha yake, hukatwa mkato wa milimita chache, husukumwa, na hushikwa kwa koleo ndogo. Kilichowekwa kwa kina ni shauri jengine. Kisipogusika, hakifai kutafutwa kwa kuchokonoa; kwanza kitafutwe kwa altrasaundi au picha, na hapa Implanon NXT ina nafuu kuliko Implanon ya mwanzo, kwa kuwa imetiwa bariamu na huonekana kwenye eksirei. Kumfundisha mtu kuweka ni kazi ya muda mfupi. Kumfundisha kutoa, pamoja na kutambua ni kipi asikiguse, huhitaji mazoezi zaidi, na mazoezi hayo hayapatikani mahali ambapo hawajafika bado wa kutolewa.

Hivyo ndivyo pengo linavyojitengeneza lenyewe. Vijiti vikianza kuenea kwa wingi, miaka mitatu ya mwanzo mahitaji yote huwa ya kuweka. Huduma mkoba hufika kijijini, timu hukaa siku moja au mbili chini ya usimamizi wa wilaya, wanawake wengi huwekewa, timu huondoka. Wa kwanza anayetaka kutolewa hulikuta banda la kituo chake cha karibu lina muuguzi ambaye aliwahi kuona tu. Kwa mkaazi wa visiwa vidogo vya Kojani, Makoongwe au Tumbatu, kuambiwa "nenda hospitali" maana yake ni nauli ya chombo cha kuvukia, nauli ya gari, na siku nzima ya mwani au ya shamba iliyopotea, na pengine jawabu la mume wa kutaka kujua safari ni ya nini. Huduma yenyewe ni bure katika vituo vya Serikali, lakini njia ya kuifikia si bure.

Juu ya ukosefu wa ujuzi kuna kukataliwa kwa maneno. Watafiti katika nchi kadhaa za Afrika wameeleza namna wahudumu wanavyomrudisha mwanamke aliyeomba kutolewa, na sentensi zenyewe hazihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa hapa: "Vumilia mwanangu, mwili utazoea." "Miaka yake haijaisha, ukikitoa utakuwa umekipoteza bure." "Nenda kashauriane na mumeo kwanza." Si lazima kuwe na ubaya wa nia. Muuguzi anajua hatari za mimba zinazofuatana, ameona wanawake wakipoteza damu chumba cha kuzalia, na anaamini kwa dhati kuwa anamlinda aliye mbele yake. Kushauri ni wajibu wake: aulize kinachomsumbua, atoe dawa ya damu kama inakubaliwa, aeleze njia nyengine. Mpaka uko mahali ambapo ushauri umekwisha na mwanamke bado anasema anataka kitolewe. Kupita hapo, kijiti kimegeuka kuwa mlango uliofungwa kwa nje.

Athari ya kukataliwa haimwishii yeye. Habari za aliyekwenda mara tatu bila ya kutolewa hufika kisimani, kwenye shughuli na kwenye kikundi cha kina mama wa mwani kabla ya habari za kumi waliofurahi, na kwa anayefikiria kuanza, swali linakuwa ni kama ataweza kutoka. Jambo hili linawahusu hata wale wanaojali idadi ya watumiaji peke yake.

Upo mkanganyiko mwengine unaogusa kutoa, nao ni wa muda. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi saba, Zimbabwe ikiwa ya pekee kutoka Afrika, uliwafuatilia baadhi ya wanawake waliobaki na kijiti cha etonojestreli baada ya miaka 3 hadi kufikia 5, na katika miaka hiyo miwili ya ziada hapakutokea mimba. Kwa mwanamke aliyechelewa miezi miwili kwa sababu ya mvua za masika au ugonjwa wa mtoto, habari hiyo inaondoa hofu. Haipasi kutumiwa kumwambia aliyefika kwa tarehe ya kadi yake arudi baada ya miaka miwili. Na kwa upande mwengine, kijiti kilichopitwa na muda wake wote na kubaki mkononi hakimhakikishii tena kinga. Mwanamke anaweza kuhesabiwa kuwa ni mtumiaji huku mimba inawezekana.

Kinachohitajika ili hesabu zisomeke sawa sawa si kikubwa. Daftari la kituo likiandika siku mwanamke alipoomba kutolewa kwa mara ya kwanza, pamoja na siku kijiti kilipotolewa kweli, umbali kati ya tarehe hizo mbili utasema mambo ambayo asilimia ya waachaji haiwezi kuyasema. Likiandika pia zaidi ya sababu moja, na nafasi ya ibada, eda na safari ya mume isizikwe ndani ya "nyengineyo," wizara itaweza kujua ni wapi panahitaji dawa ya damu, wapi panahitaji sheikh, na wapi panahitaji koleo na mtu wa kulishika. Katika kituo ambacho tarehe mbili hizo huwa ni moja, idadi ya waliotoa inaweza kuwa kubwa kuliko ya jirani zake, na msimamizi wa wilaya akiipokea ripoti hiyo, swali la kwanza aulize ni wangapi kati yao waliondoka siku hiyo na njia nyengine waliyoichagua wenyewe.